KUSHTAKI AU KUNYAMAZA: MWENYE KUAMUA NI NANI?



Katika mikutano ya tawi letu hapa Kisumu twazungumza mshahara, nyumba, malipo ya kazi za usiku na viatu vya kazi. Mambo hayo ni haki yetu na hatutaacha kuyasema. Lakini liko jambo jingine ambalo wanachama hulileta kwa viongozi mmoja mmoja, baada ya mkutano kufungwa na watu kutawanyika. Mmoja husema yuko mtu mzima aliyemharibu alipokuwa mtoto. Mwingine, mama wa watoto, husema alibakwa miaka mingi iliyopita na hajamwambia hata mume wake. Kisha wote huuliza swali lile lile: "Sasa niende polisi, au niache?"

Tumeona afadhali swali hili lijibiwe hapa, mbele ya wote, kwa sababu wanaouliza ni wengi, na kila mmoja hudhani yuko peke yake. Mwaka 2010 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima juu ya mateso ya watoto. Vijana wa miaka 18 mpaka 24 waliulizwa yaliyowapata utotoni. Katika kila wanawake 100, 32 walisema walitendewa jambo la namna hii kabla ya kufika miaka 18. Katika kila wanaume 100, walikuwa 18. Uchunguzi uliporudiwa mwaka 2019 hesabu ilikuwa imeshuka hata karibu wanawake 16 na wanaume 6 katika kila 100. Tushukuru kwa hilo. Lakini wale vijana wa mwaka 2010 leo ni watu wazima wenye kazi na watoto. Ni rika letu sisi tunaoandika haya. Twabeba nao mataruma, twala nao chakula cha mchana. Tena tazameni kwamba wanaume wamo katika hesabu hiyo, ijapokuwa mwanamume hataki kabisa jambo hili lisemwe.

Sisi wengine tulisoma shule za msingi za misheni. Huko tulifundishwa kuungama dhambi tulizotenda. Hatukufundishwa jinsi ya kusema dhambi tuliyotendewa. Kwa hiyo wengi wetu tumekua tukidhani kwamba ni kitu kimoja, na aibu yake ni moja.

MAONI MAWILI TUSIYOYAKUBALI

Wako wanaosema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Fulani amezeeka, ana wajukuu, ni mtu wa kanisa. Kuna faida gani kufukua kaburi?" Twawajibu kwamba kwa aliyeumizwa jambo hili halijapita. Analala nalo na kuamka nalo. Tena yule mzee mwenye wajukuu anakaa na wajukuu hao. Sisi wa reli twajua kwamba ufa katika reli hauponi kwa kupita miaka.

Wako na wengine wanaosema kinyume chake: "Asiyeshtaki anamlinda mkosaji. Kila aliyetendewa hivi alazimishwe kwenda polisi." Hawa wana hasira ya haki, lakini nao twawapinga. Siku ya korti si wao watakaosimama kizimbani kuulizwa maswali na wakili. Si mama zao watakaoacha kusalimiwa mtoni. Mtu huyu alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake mara ya kwanza. Asinyang'anywe uamuzi mara ya pili na sisi tunaojiita wenzake.

Basi maoni yetu ni haya. Mtu mzima aliyetendewa ubaya huo zamani, yeye ndiye mwenye kuamua. Lakini kuamua bila kujua mambo yalivyo ni kubahatisha tu. Kazi yetu sisi wenzake ni kumpa habari za kweli, kumwondolea vitisho, na kwenda pamoja naye njia atakayoichagua.

JE, MUDA UMEKWISHA?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu, na jibu ni: hapana. Katika Kenya makosa makubwa ya jinai hayafi kwa kupita miaka. Kubaka na kunajisi mtoto ni katika makosa hayo. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, iliyoletwa Bungeni na Bi Njoki Ndung'u, inaweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa ubakaji. Kwa kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake ni kifungo cha maisha. Kwa mtoto wa miaka 12 mpaka 15 ni miaka 20 au zaidi, na kwa wa miaka 16 mpaka 18 ni miaka 15 au zaidi. Makosa yaliyotendwa kabla ya sheria hiyo hushtakiwa kwa sheria iliyokuwapo siku hizo. Lakini kesi ya kudai fidia ina muda wake, kwa kawaida miaka 3, na kwa aliyeumizwa akiwa mtoto huanza kuhesabiwa afikapo miaka 18. Mwenye nia ya kudai fidia asikawie kumwuliza wakili.

Na hata katika kesi ya fidia, uzee wa jambo si ukuta kila mara. Wakumbukeni wale wazee wetu wa kambi za Mau Mau. Paulo Nzili alihasiwa. Jane Muthoni Mara aliharibiwa mwili wake wa kike akiwa kijana mdogo. Hayo yalitendwa katika miaka ya 1950. Tarehe 5 Oktoba 2012 korti kuu ya London ilisema kwamba wao na mwenzao Wambugu Nyingi waweza kuendelea na kesi yao juu ya serikali ya Uingereza, ijapokuwa ilikuwa imepita zaidi ya miaka 50. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilisema Bungeni kwamba inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Sheria za huko si zetu. Lakini somo ni letu pia: watu wazima walisema mambo ambayo mtu huona haya kuyataja, na kwa kuyasema hawakupungukiwa na heshima, bali iliongezeka.

JE, USHAHIDI UKO WAPI?

Wengi husema, "Hakuna aliyeona. Nguo zilifuliwa. Itakuwa neno langu na neno lake." Ni kweli kwamba ushahidi wa daktari hupatikana vizuri katika siku za kwanza, na dawa za kuzuia ukimwi lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Kwa hiyo kwa jambo la leo au la jana, mbio hospitali kwanza, bila kuoga. Hapa Kisumu iko Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi wetu bado twaiita Russia. Ina wahudumu wa kazi hiyo.

Lakini kwa jambo la zamani sheria haikumwacha mtu mikono mitupu. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi chasema kwamba katika kesi za namna hii korti yaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la aliyetendewa peke yake, ikiwa hakimu ameamini kwamba anasema kweli na ameandika sababu za kuamini hivyo. Basi kinachotakiwa ni neno lililonyoka. Twashauri hivi: kabla ya kwenda popote, andika. Andika mahali, mwaka, darasa ulilokuwa, nani alikuwa akiishi katika nyumba ile, ni nani uliyemwambia kwanza. Usichokikumbuka usikitunge. Kama iko kadi ya zahanati, barua, au shangazi aliyesikia wakati ule, andika hayo pia. Karatasi hiyo itakufaa hata ukiamua kungoja miaka mingine miwili.

Wengine wana hofu ya maneno waliyoyasikia zamani, kwamba mwenye kushtaki akishindwa atafungwa yeye. Kweli, sheria ya 2006 ilipoanza ilikuwa na kifungu cha kumwadhibu aliyeshtaki kwa uongo kwa adhabu ile ile ya mkosaji. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012. Kushindwa kesi si kusema uongo, na mtu asikutishe kwa neno hilo.

NJIA YENYEWE

Mlalamikaji huenda kituo cha polisi, na vituo vingi vina dawati la jinsia. Habari huandikwa katika kitabu cha matukio, naye hupewa nambari ya OB. Asitoke bila nambari hiyo. Fomu ya P3, ambayo daktari huijaza, haiuzwi. Akiombwa pesa kwa karatasi hiyo, adai risiti na atuletee habari chamani. Asipopenda kuanza na polisi, aweza kwenda kwanza kwa mawakili wanawake wa FIDA, ambao wana ofisi hapa Kisumu, au kupiga simu 1195. Kuuliza si kushtaki. Aweza kuuliza leo na kukata shauri mwaka ujao.

Kortini aweza kuomba watu watolewe nje, na jina lake lisitangazwe. Shahidi aliye katika hali dhaifu aweza kupewa kinga ya kutomkabili mshtakiwa uso kwa uso.

Jambo moja lazima lijulikane mapema. Kesi ikishaanza si mali ya mlalamikaji tena. Chini ya sheria ile ile ya 2006, kuisimamisha si kazi ya polisi, wala ya chifu, wala ya wazee. Ni kazi ya mshtaki mkuu wa serikali. Kwa hiyo fikiri kabla ya kuingia. Lakini pia jua kwamba mjomba atakayekuja usiku na ng'ombe wawili "tuyamalize nyumbani" hana mamlaka hayo. Sisi hatudharau wazee. Wazee wamepatanisha mipaka ya mashamba na mambo ya mahari tangu zamani. Lakini katika jambo hili ng'ombe huenda kwa baba, na msichana hubaki na yaliyompata.

KAMA MKOSAJI NI ASKARI MWENYEWE?

Hapa Kisumu hatuwezi kuandika juu ya kushtaki tukaruka swali hili. Baada ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017 askari waliingia katika mitaa yetu, Nyalenda, Obunga, Kondele na mingineyo. Katika siku hizo mtoto Pendo wa Nyalenda, wa miezi 6, alipigwa akafa. Wako na wanawake waliobakwa nyumbani mwao na watu waliovaa yunifomu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliandika visa 201 vya namna hii katika nchi wakati wa uchaguzi ule, na zaidi ya nusu vilihusu maofisa wa usalama.

Mwanamke wa Obunga angeambiwaje aende kituoni, wakati aliyemwumiza alitoka huko huko? Wengi walinyamaza, na ni nani awezaye kuwalaumu? Lakini wako waliopeleka habari mahali pengine: kwa Tume hiyo, kwa wanasheria, na kwa IPOA, ambayo ni mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ili kuwachunguza polisi. Mwezi Oktoba 2022, miaka 5 baadaye, mshtaki mkuu alitangaza kwamba maofisa wa polisi watashtakiwa kwa makosa dhidi ya ubinadamu, na ubakaji ukiwa ndani yake. Mambo ya namna hiyo yalikuwa hayajapata kutokea katika korti za Kenya. Baada ya tangazo hilo kesi iliahirishwa mara nyingi, na wanawake wale walichoka kungoja. Hatuwaambii kwamba njia hii ni fupi. Twawaambia kwamba ipo, na kwamba haipiti katika mlango wa yule aliyekosa.

Na polisi wakikataa kuandika neno lako, hilo nalo ni kosa. Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza malalamiko yao ipasavyo, ikawaamuru wachunguze. Wasichana wadogo waliwashtaki polisi wakashinda.

GHARAMA YAKE

Tusimdanganye mtu. Kushtaki kuna gharama. Kesi huahirishwa, na kila mara ni nauli. Mtu wa Seme au wa kisiwa cha Rusinga hupoteza siku nzima, na kibarua hukosa mshahara wa siku hiyo. Wakili wa mshtakiwa atauliza maswali ya kuchoma moyo. Ukoo waweza kugawanyika mara mbili. Tena kesi yaweza kushindwa. Katika kesi moja ya wanafunzi wa Nakuru mwalimu aliachiliwa katika kesi ya jinai. Lakini mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema katika kesi ya fidia kwamba mwalimu huyo na tume ya walimu wanawajibika, ikawapa wasichana wawili fidia ya mamilioni ya shilingi. Basi kushindwa mahali pamoja si kushindwa kila mahali, ila ni lazima mtu awe na nguvu za kwenda tena.

Kunyamaza nako kuna gharama yake, ila hiyo haina risiti. Twawaona wenzetu wanaokunywa kila jioni hata mshahara ukaisha, wanaopiga watoto bila sababu, wanaoshtuka wakiguswa begani. Hatusemi kila mlevi ana siri kama hii. Twasema baadhi yao wanayo. Kwa hiyo anayeamua kutoshtaki asifikiri kwamba hana la kufanya. Aweza kumwambia mtu mmoja amwaminiye. Aweza kwenda kwa mshauri wa hospitali. Kutokwenda polisi si lazima kuwe kukaa kimya.

UGALI MKONONI MWA MWINGINE

Watu wa ziwa wanaujua mtindo wa jaboya, mvuvi asipompa mama samaki wa kuuza mpaka alale naye. Watu husema, "Si alikubali mwenyewe?" Mtu hana uamuzi huru kama ugali wa watoto wake uko mkononi mwa anayemtaka. Akina mama wa ufuo wa Nduru walilielewa hilo. Kuanzia mwaka 2011 walipata mashua zao wenyewe, na hapo ndipo waliweza kusema hapana.

Kazini ni vivyo hivyo. Nyapara anayegawa zamu na kuandika majina ya vibarua ana mashua mkononi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na mwongozo ulioandikwa wa kuzuia usumbufu wa namna hii, baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao. Na sheria ya 2006 inamtia hatiani mwenye cheo anayesumbua watu hivyo: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Wawakilishi wetu wa kazini waulize: mwongozo huo uko wapi, na ni nani aliyeshauriwa ulipoandikwa?

MTOTO ALIYE HATARINI LEO

Yote tuliyosema juu ya kuamua mwenyewe ni ya mtu mzima juu ya mambo yake mwenyewe. Kwa mtoto anayeumizwa sasa hakuna "nitafikiri". Ukijua, sema leo: polisi, kwa ofisa wa watoto, au simu 116, ambayo hailipiwi. Walimu wameagizwa na tume yao tangu mwaka 2010 kutoa habari katika muda wa saa 24. Sisi tusio walimu hatuna sababu ya kuwa wazito kuliko wao. Na wewe uliyeumizwa zamani, ukijua kwamba mtu yule yule sasa anakaa na watoto, tunakuomba upime jambo hilo kwa uzito wake. Waweza kumtaja kwa ajili ya watoto hao hata kama kwa ajili yako mwenyewe ungeacha. Hatukulazimishi. Twakuomba tu usiupime mzigo huo peke yako.

TAWI LIFANYE NINI?

Twaleta mambo manne, yajadiliwe katika mkutano ujao. Kwanza, wachaguliwe wanachama wawili, mwanamke na mwanamume, wa kusikiliza mambo haya, na atakayetoa siri aondolewe siku hiyo hiyo. Pili, mfuko wa kusaidiana ulipe nauli ya mwanachama anayekwenda korti kwa kesi ya namna hii, kama unavyolipa ya mazishi. Tatu, chama kidai kwa mwajiri kwamba siku ya kutoa ushahidi isikatwe katika mshahara. Nne, mwanachama akishtakiwa kwa kosa hili asitetewe na chama kwa sababu tu ni mwenzetu. Apate wakili na korti ya haki kama kila mtu, lakini bendera ya chama si ya kufunikia jambo hili.

La nne najua litaleta kelele mkutanoni, maana wako wanaosema umoja ni kumtetea kila mwanachama. Sisi twasema aliyeumizwa naye ni mwanachama, au ni mke wa mwanachama, au ni mtoto wake. Mkutano na useme ni umoja wa nani na nani.